Ukuta Chini ya Mtungi

Mtungi wa Bi Dhahabu ulikuwa ukiyumba tangu masika yalipolegeza sakafu. Basi mwanawe Faki aliporudi Likoni kutoka vitani mwaka wa arubaini na tano, akatoa mfukoni kijiwe cha rangi ya asali, mama hakuuliza mengi. Alikichomeka chini ya mtungi, nao ukatulia.

"Mama, hicho si cha kuwekea mtungi," Faki alisema. "Kimemeguka kwenye ukuta wa Mayahudi kule Yerusalemu. Warumi walilibomoa hekalu lao, ukabaki ukuta wa upande mmoja. Mpaka leo watu huenda kuulilia."

"Haya. Sisi tunazo kuta nne, na hakuna anayezililia," mama alijibu, akateka maji.

Asubuhi kijiwe kilikuwa kimefika kiunoni. Kufika Ijumaa kilikuwa ukuta mzima uliotoboa makuti, mawe yake makubwa kama ng'ombe aliyelala, kila moja limechongwa ukingo. Nyufani mkaota vichaka vya maua meupe, na mbayuwayu wakahamia. Bi Dhahabu alisogeza kitanda upande huo, maana palikuwa na ubaridi mzuri. Jirani yake Kadzo akaja kuomba aegemee kidogo amlilie mumewe. Akalia vizuri, akaenda zake kupika.

Ukuta haukumtisha Bi Dhahabu. Aliyemtisha ni Mwidani, mwenye shamba. Nyumba ile aliikandika babake Bi Dhahabu kwa mikono yake, naye akazaliwa humo, lakini ardhi ilikuwa ya Mwidani, na Likoni nzima yajua sharti: anayekaa kwenye shamba la mtu hujenga kwa fito na udongo. Jiwe hapana! Udongo huondoka na mwenyewe. Jiwe hukaa likaanza kudai.

Mwidani alifika na mwavuli wake.

"Shikamoo, Bwana Mwidani."

"Marahaba, Mama Faki. Tulikubaliana udongo."

"Na udongo ndio tulioujenga, wallahi. Hili jiwe limeota."

"Muhogo nao huota," Mwidani alisema, "na bado huombewa ruhusa."

Akaletwa mtaalamu wa magofu, Mzungu mpole mwenye brashi, aliyechimba ukumbini wiki nzima na kumaliza chai yote ya nyumba. Kila alipochimba alikuta safu nyingine chini.

"Huu si ukuta wa hekalu lenyewe," aliwaeleza. "Ulizuia kifusi cha kiwanja kilichobeba hekalu. Mawe ya chini ni ya mfalme Herode. Juu yake wakajenga watawala wa Kiislamu, na juu zaidi Waturuki. Kila aliyeishika nchi aliongeza safu zake."

"Ukuta una umri gani?" Mwidani aliuliza.

"Kama miaka elfu mbili."

Mwidani akachangamka. "Basi ulikuwapo kabla ya Mama Faki. Ni wangu."

"Hata kabla yako ulikuwapo, Bwana Mwidani," Bi Dhahabu alisema.

Mtaalamu alikohoa, akaendelea kulipangusa jiwe. Mwidani alifikiri sana, maana alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

"Kweli," alisema. "Lakini mimi sikumwahidi mtu udongo."

Kwa hoja hiyo ukuta ukawa wake. Nyumba ikabomolewa, fito, udongo na makuti, ukabaki ukuta. Mwidani alipanda ngazi, akaongeza juu yake safu moja ya matofali ya saruji, ijulikane ni shamba la nani. Mbayuwayu wakahamia na huko.

Bi Dhahabu alihamia Bofu. Kila Ijumaa alasiri hurudi, akaweka paji la uso kwenye jiwe, akamlilia babake, na mlango wake, na jiko lake. Hulia kwa sauti, kwa uchungu wa kweli, hata Kadzo humpisha. Mwidani humletea kiti.

"Kulia ruhusa, Mama Faki," humwambia kwa upole. "Kulala ndiko hapana."

Ijumaa moja kijiwe kilimeguka, kikadondokea kwenye kanga yake, naye akarudi nacho. Jioni hiyo mwenye shamba wa Bofu alipita kumkumbusha masharti: fito na udongo, jiwe hapana.

"Inshallah," Bi Dhahabu alisema, na kwa kidole cha mguu akakisukuma kijiwe chini ya mtungi.