Mchavushaji wa Ploti ya Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, maua ya malenge yakianza kufunguka, Nabwire alikuwa tayari ameinama kwenye ploti ya nne na burashi ndogo ya rangi mkononi. Shamba lilikuwa nje ya Eldoret, upande wa kwenda Burnt Forest, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa ya nyuki. Aligusa ua dume, burashi ikatoka na unga wa manjano, akaupaka ndani ya ua jike, lile lenye kilenge kidogo kama kidole gumba nyuma yake. Kisha akasogea kwa linalofuata. Maua hayo hujifunga kabla ya adhuhuri, na jike lisiloguswa huoza likadondoka.

Nyuki walikuwa wamekwisha misimu miwili nyuma, Alhamisi moja dawa ilipopigwa asubuhi. Mabonga, aliyeipiga kwa amri ya meneja, aliwafagia kwa ufagio wa stoo, wakajaa madebe mawili. Ng'ambo ya seng'enge, mahindi ya jirani hayakuhitaji mtu. Upepo uliyatikisa tu, unga ukashuka kwenye ndevu zake, kazi ikaisha. Nabwire aliyaonea wivu.

Jumanne ya wiki yake ya tatu, miguu yake iliacha ardhi. Haikuwa ghafla. Kwanza ule unga wa manjano ulikataa kutoka mikononi hata kwa sabuni ya kipande. Halafu kifua chake kikaanza kuvuma, sauti ya chini kama friji ya duka. Siku hiyo aliinuka futi mbili, gambuti zake zikabaki zimesimama chini, naye akaendelea kuchavusha kwa vidole vitupu, bila burashi. Alimaliza safu kumi na nne badala ya sita.

"Mama Faith," Mabonga alimwambia, "umeacha viatu."

"Niwekee hapo kwa kivuli."

Meneja, Bwana Edwin Ondiek, alikuja akasimama akitazama, mikono nyuma. "Hiyo ni sawa kabisa," alisema. "Sasa hata hukanyagi mimea." Akawauliza wengine kwa nini wao walikuwa bado wanakanyaga. Akello, wa ploti ya tano, alijaribu kuinuka mpaka saa ya chakula, akashindwa, akapewa barua ya onyo.

Nyumbani Kapsoya, Faith, binti wa Nabwire, alimfunga mama yake kwa leso kwenye mguu wa meza ili wale ugali pamoja. Kanisani walimwomba akae nyuma, maana wakati wa kusimama alikuwa akiwaziba watu wasione maneno ya nyimbo ukutani.

Mwezi uliofuata, wanunuzi wa ng'ambo walitaka cheti kwamba shamba ni rafiki wa wachavushaji. Mkaguzi aliyetumwa aliitwa Njenga, mtu mpole mwenye gambuti safi. Alimtazama Nabwire akielea kutoka ua hadi ua, akafungua fomu.

"Anatembelea maua mangapi kwa saa?"

"Mia nne na kitu," Ondiek akajibu.

"Huwa anauma?"

"Hajawahi."

Njenga akatia alama. Kabla ya wiki kuisha, langoni pakawekwa bango lenye picha ya nyuki anayetabasamu.

Nabwire alijua maana ya cheti hicho Jumatano, alipokwenda stoo kuchukua maski ya siku ya dawa. Joy, mtunza stoo, alishusha kidole kwenye orodha mpaka chini, akarudi juu.

"Mama, hauko hapa. Maski ni za wafanyakazi."

"Na mimi ni nani?"

Joy akafunua ukurasa mwingine. "Nimekuona. Wadudu wenye faida. Ofisi kuu walikuhamisha, wanasema cheti hakikubali mtu awe kwa kurasa mbili." Akaongeza kwa upole, "Uko namba moja. Na uko peke yako."

Nabwire aliondoka. Aliyafikiria yale madebe mawili ya nyuki, na mvumo wa kifuani ukanyamaza kidogo kabla ya kurudi. Akaenda kwa Mabonga, akaokota mtungi mtupu wa dawa, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake kuanzia juu hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kuisoma. Kisha akaingia ofisini nao, akiinamisha kichwa asigonge fremu ya mlango.

"Bwana Meneja, hapa imeandikwa dawa isipigwe maua yakiwa wazi na wachavushaji wakiwa shambani. Mmesema mimi ni mdudu. Basi pigeni jioni."

Ondiek alisoma mara mbili, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. "Hii iliandikwa kwa ajili ya nyuki, Mama. Nyuki haelewi akielezwa. Wewe unaelewa. Kwa mambo ya dawa, wewe ni mfanyakazi."

"Basi nipewe maski."

"Kwa mambo ya maski, wewe ni mdudu."

"Basi kesho nitoke na wenzangu."

"Wanatoka kwa orodha, na orodha ndiyo hiyo umeona." Alimrudishia mtungi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Na jioni haiwezekani. Trekta jioni inabeba maziwa."

Alhamisi saa moja asubuhi king'ora kililia, wafanyakazi wakatoka, Akello akigeuka nyuma kila hatua. Mabonga alikuja na trekta, maski usoni. Alipofika ploti ya nne alipunguza mwendo kadiri alivyoweza.

"Panda juu, Mama Faith," alisema. "Mimi nitaenda pole pole."

Nabwire akapanda hewani. Alivuka nguzo za seng'enge, akavuka vilele vya mikaratusi, mpaka ukungu mweupe ukawa chini yake. Harufu ilimfuata hata huko. Macho yalimwasha, akakohoa hadi mbavu zikauma. Alipoweza kuona tena, aliona ng'ambo ya mto, juu ya shamba la parachichi, mwanamume wa ovaroli ya buluu amesimama hewani. Juu ya nyanya za shamba jingine walikuwa wanawake wawili wameshikana mikono. Mbele zaidi walikuwapo wengine, wadogo kama punje, kila mmoja juu ya ploti yake akisubiri ukungu utue.

Yule wa parachichi alimaliza kukohoa, akaita, "Kwenu wanapiga siku gani?"

"Alhamisi."

"Sisi ni Jumatatu na Alhamisi."

"Pole, ndugu yangu."

"Tumezoea."

Saa tatu ukungu ulitua. Majani yalikuwa bado yanadondosha dawa. Walishuka wote, wakaendelea na kazi.