Kabla Mkalimani Hajamaliza

...jengo gani hasa, ndivyo alivyouliza mwenyekiti, kwa lugha yake, na yeye ameshaelewa, miaka yote ya chuo kikuu haikwenda bure, lakini utaratibu wa kamati ni kwamba shahidi aulizwe na ajibu kwa lugha ya kwao, kwa hiyo inabidi akae na uso wa mtu ambaye hajasikia kitu mpaka mkalimani amalize kutafsiri, na mkalimani huyu hana haraka na mtu, watu wa asasi wamembandika jina la Mkato kwa sababu akifika penye mkato hupumzika kama msafiri aliyetua mzigo, "Shahidi ameeleza," anaanza, anapumua, "kwamba wapo raia," anapumua tena, na leo yeye anamshukuru Mungu kwa pumzi hizo kwa maana hana jibu, au analo, analo kupita kiasi, limemkaa mdomoni kama chai ya moto, kulimeza hawezi na kulitema hawezi, kiwanda cha magodoro, nyuma ya maegesho ya zamani ya malori, ukuta wa njano uliobabuka, geti la kijani ambalo bawaba yake ya juu imelegea hivyo lazima ulinyanyue kidogo ndipo lifunguke, angeweza kuwachorea hata mwelekeo wa ngazi za kushukia ghala la chini, maana yeye ndiye mtu wa kutaka kujua geti ni rangi gani, tangu utotoni, ndiyo sababu dada yake humwita Profesa, na dada yumo humo ghalani, na mama yumo humo, na nusu ya mtaa wao, "Siku hizi tunalala kitajiri," dada alimwambia kwenye simu, "mama kajichagulia sita kwa sita, hataki hata wajukuu waliguse," wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko ndipo lilipomjia lile godoro la jirani, walipokuwa wadogo, mshumaa ulioanguka, moshi mweusi mzito, na kabla ndoo haijajaa maji hakukuwa tena na godoro, sponji haiungui kama kuni, sponji inayeyuka, inadondoka huku inawaka... asiwaze hilo, si sasa, aitazame meza, meza ni ya mbao nyekundu, ina alama ya duara palipowekwa kikombe cha moto, kipaza sauti mbele yake kina kitaa chekundu na kitaa kimewaka, maana yake hata pumzi yake inasikika, "wanawake, watoto na wazee," anasema Mkato, "ambao wamejificha," na goti la mratibu wake wa asasi linamgonga chini ya meza, mratibu, mama wa watu, aliyezunguka ofisi za wakubwa mpaka soli za viatu zikaisha ili wapate nafasi ya kusikilizwa leo, anamnong'oneza bila kufungua meno, "Sema, mwanangu, wataje walipo, hawa wasipojua pa kwenda hawaendi, watatupigia makofi na kutupandisha ndege," na ni kweli, anajua ni kweli, wale askari wa kulinda amani wamekaa kambini kwao kando ya uwanja wa ndege, na magari yao meupe yameoshwa yanang'aa, asubuhi wanapita mjini wakiwapungia watoto mikono, jua likianza kushuka wanarudi zao kula, na mizinga huanza jua likishashuka, kama watu waliopeana zamu, na hii ndiyo kamati inayoweza kuwaamuru wakae, walale huko, wasimame kati ya mizinga na watu, ni hilo tu alilolijia, amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni hotelini, raia hawaombi mablanketi, raia wanaomba kulindwa, na alilisema vizuri, sauti haikutetemeka, hata mwenyekiti alivua miwani kumsikiliza, hadi lilipokuja swali hili... na kulia kwa mwenyekiti ameketi kanali. Hakuvaa sare, amevaa suti ya kijivu, lakini ni kanali wa jeshi lilelile lenye mizinga juu ya mlima, amekuja kwa niaba ya serikali, pande zote zina haki ya kuhudhuria, ndivyo walivyomwambia, haki, na asubuhi mlangoni alimpisha, "Karibu, binti, pita, pita," kwa sauti ya baba mdogo aliyeleta zawadi, na vinyweleo vikamsimama mwili mzima, sasa kalamu yake imefunguliwa, imelazwa juu ya karatasi nyeupe tupu, na ni wapi alishaona karatasi nyeupe ikisubiri namna hii, hakuiona, alisimuliwa, hospitali ya wazazi, daktari mkuu aliambiwa achore ramani kwenye karatasi nyeupe na kuipeleka kwa pande zote ili wajue pa kutopiga, akapeleka, akaambiwa apake alama juu ya paa ionekane kutoka angani, akapanda ngazi mwenyewe na kopo la rangi, mtu mzima mwenye kitambi, wauguzi wakimcheka kutoka chini, "Daktari, shika ngazi siyo tumbo!" na alama ikaonekana, ilionekana vizuri sana, mzinga wa kwanza ulitua palepale, na baada ya hapo daktari alisikika redioni akirudia kitu kimoja kwa upole, tulifuata utaratibu, jamani, tulifuata utaratibu... "kutokana na mashambulizi," anasema Mkato, anasita, ananyoosha mkono, anachukua glasi ya maji, anakunywa, anakunywa yote jamani, koromeo linapanda linashuka, na asiposema je, hilo nalo, asiposema mwenyekiti atavaa miwani na kusema hakuna taarifa za kutosha, faili litafungwa, na mizinga itapiga hivyohivyo mtaa kwa mtaa mpaka ifike penye ukuta wa njano kwa kubahatisha tu, na atakuwa amenyamaza kwa faida ya nani, "Usitutaje," dada alisema, simu inakatakata, "Profesa, naapa, ukitutaja tumekwisha," na yeye kwa hasira, "Sasa niwaambie waje wapi, dada? Mtu hasaidiwi hewani!" na dada, "Hatutaki watuone sisi. Waonekane wao," simu ikafa, na yeye akabaki ameishika akidhani dada kachanganyikiwa kwa woga, waonekane wao, akina nani, dada hajawahi kuwa na subira ya kueleza kitu, humwaga maneno na kuondoka... ngoja. Ngoja kwanza. Gari. Lile gari jeupe lililopasuka tairi darajani, dada alikuwa ametoka kulisimulia, kwa kicheko, walinda amani wenyewe hawakuwa na tairi la akiba, giza likawakuta katikati ya daraja, wamejifungia ndani, taa zote zimewashwa kwa hofu, wanakula biskuti, na usiku ule hakuna mzinga uliolia, mama alikoroma mpaka asubuhi, kwa sababu ni nani angewapiga wageni wale mbele ya dunia nzima, na daraja ndiyo njia pekee ya kuingilia upande wao wa mji, kwa hiyo hakuna anayehitaji kujua raia wamejificha wapi, hata mmoja, wanachohitaji ni magari yale darajani, taa zimewashwa, kila usiku, bila kusubiri tairi lipasuke, dada hakuchanganyikiwa, Profesa ndiye hakusikia, na anayekuja kulinda angeuliza njia, angeuliza daraja linabeba uzito gani, wagonjwa ni wangapi, maji yanatoka wapi, sasa jengo ni la nini, nani anataka jengo, mwenyekiti? Mwenyekiti hakuwa na swali, alikuwa ameshaanza kufunga karatasi zake, ndipo kanali alipomwinamia sikioni, ndiyo, alimwinamia, yeye aliona kwa macho yake na akadhani wanasalimiana... "na kamati ingependa kujua," anasema Mkato, anaweka glasi chini taratibu, "raia hao wako upande gani wa mji." Upande. Kasema upande gani wa mji, hakusema jengo, Mkato ambaye siku nzima hajaangusha hata neno moja, aliyemsimamisha waziri mzima akitafuta neno la kufaa, na sasa anafuta miwani kwa ncha ya tai, hamtazami mtu, kumbe naye ana watu huko, au hana, ana kazi tu ya kupoteza, na ng'ambo ya daraja ni jibu ambalo hata mtoto analijua, halimuumizi mtu, ng'ambo ya daraja, waheshimiwa, na kuhusu daraja lenyewe nina ombi, maneno yamejipanga yenyewe, kitaa bado chekundu, mratibu bado anamgonga goti, mwenyekiti anasubiri vilevile miwani mkononi, lakini kanali amesikia, ile ni lugha yake pia, kalamu imenyanyuka, anamtazama Mkato, anamtazama yeye, mdomo unafunguka nusu, na yeye hofu haijamwondoka, imejaa mpaka masikioni, ila sasa anayaangalia macho yale bila kuinama, sema, anamwambia moyoni, haya sema, rekebisha tafsiri, waambie wote humu ndani kwamba aliyetaka jengo ni wewe.