Mvua Iliyomleta Ramlo

Mvua ile hakuna aliyethubutu kuitukana. Garissa ilikuwa imekaa muda mrefu ikitazama mbingu kavu, mbuzi wakitafuna maboksi ya sokoni, na tone la kwanza lilipogonga bati watu walitoka nje wakainua viganja. Lakini siku zilifuatana bila jua. Mto Tana ukapanda, ukameza mashamba ya migomba, ukaimeza na barabara ya Nairobi, na dua za watu zikaanza kuwa za uangalifu: Ewe Mola, inyeshe pembezoni mwetu, isinyeshe juu yetu.

Sirad alikuwa akichimba. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko, mbali na mto, lakini maji ya mvua yaliteremka kutoka barabara ya juu na kupita mlangoni kama wageni wasiopiga hodi. Alikuwa ameifunga shuka kiunoni, jembe mkononi, na binti yake mkubwa, Iftin, alimfuata nyuma akitoa tope kwa beleshi. Mumewe, Mursal, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa amekwama ng'ambo ya mto na lori tupu. Mama mkwe wake, Amran, ambaye wote walimwita Ayeeyo, yaani bibi, alikuwa kwenye kiti barazani akiwaelekeza namna ya kuchimba.

"Upande wa kulia, Sirad. Huo mfereji wako unapeleka maji chooni."

"Choo kimeshabomoka jana, Hooyo," Sirad alijibu, akimwita mama kwa Kisomali.

"Hata kama."

Hapo ndipo mkokoteni wa punda ulipotokea chini ya barabara. Bishar, mwenye punda, alikuwa akiwahamisha watu wa mtoni kwenda kwenye kambi iliyofunguliwa uwanja wa shule. Tope lilimfika punda magotini. Alipofika mbele ya geti la Sirad alisimama, akashusha masikio, akakataa. Bishar alimsukuma, akambembeleza, akamtajia wazazi wake, wapi.

Juu ya magodoro yaliyolowa alikuwa ameketi mwanamke kijana aliyejifunika turubai. Chini ya turubai kulikuwa na mtoto anayekohoa.

Sirad alimtambua kabla hajauona uso. Mwanamke anamjua mke mwenzake hata kwa namna anavyokaa.

Alikuwa Ramlo. Mursal alimpata Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, katika safari zake za kununua mbuzi, akamuoa kimyakimya, akampangia chumba karibu na mto. Siku habari ilipomfikia Sirad, hakulia wala hakurudi kwao Sangailu kama wengi walivyotabiri. Aliwaita wazee wa pande zote mbili, akawanywesha chai, kisha akala yamini mbele yao: "Wallahi, mguu wa mwanamke huyo hautakanyaga kizingiti changu." Wazee waliitikia kwa vichwa. Ayeeyo, ambaye hakutaka kusikia habari za mkwe kutoka kambini, alifurahi kuliko wote. Tangu hapo mji mzima uliujua ule mpaka, na Ramlo aliuheshimu kuliko yeyote. Hata sokoni alikuwa akikata kona.

"Abaayo, dada yangu Sirad," Bishar alisema kwa aibu, "punda amechoka. Niruhusu hawa wasimame barazani kwako kidogo tu."

"Punda apumzike," Ramlo alisema kutoka juu. "Mimi sishuki."

"Dada, mtoto analowa."

"Nimesema sishuki. Sikuja kumwomba mtu."

Barazani Ayeeyo alikuwa amesimama, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu mara nyingi. Alikwisha kumpigia mwanawe. Kelele za bati zilimlazimu kuweka simu kwenye kipaza sauti, kwa hiyo kila mtu alimsikia Mursal.

"Hooyo, mpe Sirad." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya mayai: "Sirad, sikiliza. Usifanye fitina nyumbani kwa mama. Mwache aende shuleni na wenzake. Nikivuka nitapanga mambo."

"Mtoto wako anakohoa."

"Huko shule kuna madaktari. Mwache aende tu."

Sirad aliitazama ile simu mkononi mwa Ayeeyo. Miaka miwili alikuwa amemwogopa na kumchukia mwanamke ambaye, aliamini, Mursal angemkimbilia hata ndani ya moto. Kumbe mwanaume huyu akibanwa alikuwa hana anayemkimbilia. Leo alikuwa akimtupa Ramlo. Kesho angemtupa nani? Kitu kikampanda kifuani, si huruma. Huruma aliijua, huwa inakuja laini. Hiki kilikuja na pembe.

"Mursal," akasema, "mlango ni wangu mimi." Akaibonyeza simu, ikanyamaza.

Akashuka hadi kwenye mkokoteni, maji yakimfika katikati ya miundi.

"Nipe mtoto."

"Haendi popote bila mimi," Ramlo alisema. Midomo ilikuwa ikimtetemeka kwa baridi lakini macho hayakutetemeka. "Na mimi kwako siingii. Uliapa. Unadhani sikuambiwa? Nilisimuliwa neno kwa neno."

"Niliapa mguu wako hautakanyaga kizingiti changu."

"Ehee."

"Basi hautakanyaga." Sirad akageuka, akampa mgongo, akainama. "Panda."

Ramlo akamkodolea macho. Bishar akaacha kumvuta punda.

"Unanicheka."

"Nimelowa tangu asubuhi, mgongo unaniuma, na wewe unaniuliza kama nacheka? Iftin, mchukue mdogo wako. Wewe, panda kabla sijabadilisha nia!"

Neno "mdogo wako" lilimpita Iftin, likampita Bishar, likamgota Ramlo. Akampa binti yule mtoto. Kisha, polepole, kama mtu anayepanda ngamia asiyemjua, akazungusha mikono shingoni mwa Sirad.

Hakuwa mzito. Lakini tope lilikuwa tope, na Sirad hakuwa tena msichana wa kubeba madumu. Katikati ya uwanja mguu ulimteleza, goti moja likagusa maji, na kutoka madirisha ya jirani zikasikika pumzi za wanawake waliokuwa wakitazama. Akauma meno, akanyanyuka. Alipofika mlangoni alikuta Ayeeyo ameziba njia kwa mkongojo.

"Hii ni hila!" Ayeeyo alifoka. "Unamchezea Mungu kwa maneno!"

"Mungu ananiona, Hooyo. Kama nimekosea nitatoa kafara ya kiapo. Ila mtoto huyu ni damu yako, na mama yake hatakaa mvuani nikiwa na paa. Nipishe, la sivyo tutaanguka wote watatu."

Ayeeyo alipisha. Sirad akavuka kizingiti na mke wa pili mgongoni, akammwaga juu ya mkeka kama gunia la mchele, akabaki ameshika ukuta akihema.

Mtu asidhani kwamba kuanzia hapo waliishi kama dada. Mvua iliwafungia ndani, vyumba viwili na sebule, mabeseni yakikinga matone kila kona. Ayeeyo aligeukia ukuta na akakataa kula chochote alichopika Ramlo. Ramlo alikalia ncha ya mkeka, asijinyooshe, kama mtu aliyekodi kipande cha sakafu. Sirad naye, kila mtoto yule alipogeuza kichwa, aliyaona masikio ya Mursal, makubwa yaliyosimama, na moyo ukamkaza. Alimsugua kifuani kwa mafuta ya simsim, akamchemshia maji ya tangawizi, na bado ulikaza.

Makaa yalikuwa yamelowa. Ilikuwa ni kazi ya wanawake wawili kupika anjera, zile chapati laini za maji: mmoja apepee, mwingine amwage unga. Walifanya hivyo bila kusemezana, hadi Ramlo alipofungua kinywa, macho yake kwenye chuma cha kupikia.

"Kile kitambaa ulichonitumia siku ya harusi. Kimeenda na maji. Nilitaka ujue kwamba nilikitunza."

Sirad akaacha kupepea. "Kitambaa gani?"

"Cha kijani. Mursal alisema umeridhia ndoa, na hiyo ndiyo zawadi yako. Alisema hukupenda kuja kwa sababu ya miguu ya Ayeeyo. Nilikuja kusikia kiapo chako baadaye sana, nikadhani nimekukosea kitu. Nimekaa nikijiuliza nilikukosea nini."

Moshi uliwazunguka. Sirad aliitafuta hasira yake ya zamani pale ilipokuwa imekaa siku zote, akakuta imehama nyumba.

"Mimi aliniambia," alisema, "kwamba ulimtishia. Kwamba asipokuoa ungekwenda kwa wazee kumwaibisha."

Ramlo aliinua uso. Alimzidi Iftin miaka michache tu, Sirad aliona sasa. "Mimi? Nimtishie na nani? Kule kambini nilikuwa na nani?"

Nyuma ya pazia, kitanda cha Ayeeyo kikalia. Bibi kizee alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

Mchana uleule, mvua ikiwa imechachamaa kuliko siku zote, ukuta wa uwanja uliokuwa ukizuia maji ya barabara ulilala chini mzimamzima. Iftin alipiga kelele. Sirad alipochungulia aliona maji mekundu yanakuja yamebeba viatu, matawi na kuku mmoja aliyekufa. Mlango wa mbao usingeyazuia hata kidogo.

"Magunia!" alisema Ramlo.

"Hatuna magunia."

Wote wawili walitazama sebuleni. Pale lilikaa kochi la Mursal, kubwa, rangi ya damu ya mzee, lililosafirishwa kutoka Nairobi na ambalo watoto walikatazwa kulikalia. Sirad alishika upande mmoja. Ramlo akashika mwingine. Halikwenda.

"Kochi la mwanangu!" Ayeeyo alilia akitoka nyuma ya pazia. "Mmepata wazimu?"

"Maji, Hooyo!"

Ayeeyo aliyaona yakipenya chini ya mlango na kuulowesha mkeka wake wa kuswalia. Halafu akautupa mkongojo, akaweka mikono yake yenye mishipa kwenye mgongo wa lile kochi, akasema, "Bismillahi. Sukumeni, mnangoja nini?"

Walilisukuma hadi likaziba mlango kama kizibo. Juu yake wakapanga magodoro, kanzu za Mursal za Ijumaa, mazulia, chochote kilichonyonya maji. Ramlo aliruka nje kwa dirisha la jikoni na jembe, Sirad nyuma yake, wakachimba mfereji mpya, upande wa kulia, kama Ayeeyo alivyotaka tangu mwanzo, yeye mwenyewe akitoa amri dirishani. Maji yalisita, yakageuza uso, yakashika njia ya kuteremka. Sirad alijikuta anapiga kelele kuyafukuza, maneno ambayo hajayatamka tangu utotoni, ya kufukuza fisi zizini. Ramlo alikuwa anacheka. Mvua ikawapiga usoni, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Jioni hiyo Ayeeyo alikula anjera ya Ramlo. Alisema haina chumvi, akaomba nyingine.

Mursal alivuka kwa boti maji yalipotulia. Alitembea kutoka kivukoni suruali ameikunja, mfuko wa mikate mkononi, uso ameutengeneza kabisa kwa ajili ya kusuluhisha. Akalikuta kochi lake uwanjani, limevimba, mbuzi wa jirani amesimama juu yake. Uso ule ukaporomoka.

"Nani aliruhusu hili?"

"Karibu," Sirad alisema kutoka mlangoni. "Habari ya safari?"

Mursal alimwona Ramlo nyuma yake, amebeba mtoto, akainua mkono haraka. "Ramlo, chukua vitu vyako. Nimekupatia chumba kingine."

"Wapi?"

"Palepale, juu kidogo."

"Mtoni harudi," Sirad alisema. "Atakaa hapa mpaka umjengee huku kwenye mwinuko."

"Wewe unanipangia?"

"Ndiyo. Na kabla hujaingia, utakaa mbele ya mama yako utuambie ni kitambaa gani nilichomtumia huyu, na ni wazee gani huyu aliotaka kukupeleka kwao. Siku utakayokuwa tayari, chai itakuwepo. Kabla ya hapo kalale kwa ndugu yako Abdisalam."

Majirani walikuwa wameacha kusafisha nyumba zao. Mursal akamtafuta mtu wa mwisho aliyebaki upande wake.

"Hooyo, sema nao."

Ayeeyo Amran alikuwa amemchukua mjukuu kutoka kwa Ramlo na kumpakata, akimfunika kwa ncha ya shela yake. Hakuinua kichwa.

"Abdisalam ana nafasi," alisema. "Na hiyo mikate iache hapo."

Mursal alilala kwa nduguye wiki kadhaa, akinong'onezwa kila alipokwenda msikitini. Ijumaa moja alikuja, akakaa chini ya bati lile mbele ya mama yake na wake zake, akasema yote kwa sauti ndogo. Sirad aliwalisha maskini kafara ya kiapo chake. Alimsamehe mumewe baadhi tu ya makosa, na alimwambia hivyo waziwazi. Wala hakumpenda Ramlo. Lakini walisalimiana sokoni, na hakuna aliyekata kona.

Nyumba ya Ramlo ilipoanza kujengwa, Sirad alikwenda mwenyewe kutazama msingi. Aliinama, akapima kwa mkono kutoka ardhini hadi kwenye jiwe la juu.

"Ongeza mistari miwili," alimwambia fundi.

"Mama, mwenyewe alisema hii inatosha."

Fundi alimtazama Mursal, aliyesimama kando. Mursal akatazama pembeni.

"Ongeza," Sirad alisema.