Ruthu Akataa Mshikaki

Ruthu alitoka shambani Hombolo na kikapu cha zabibu, akawakuta rafiki zake Sikuzani na Hilda wameshapanda bodaboda ya Abeli. Walikuwa wamebanana kama nyama kwenye kijiti, ndiyo maana watu huita upakiaji huo mshikaki.

"Panda, shoga, nafasi ya mmoja ipo," alisema Sikuzani.

Ruthu hakupenda kuachwa na wenzake. Lakini alipoutazama mteremko wa changarawe uliokuwa mbele yao, alirudi nyuma hatua moja.

"Sipandi. Nimetumwa."

"Si umetumwa sokoni? Nasi tunakwenda huko huko."

"Bibi amenituma nifike."

Hilda alicheka nusura adondoke. "Mwoga kama kuku mgeni."

"Mgeni, ila miguu yangu mizima," alijibu Ruthu, naye akacheka.

Sikuzani akateremka, akashika upande mmoja wa kikapu.

"Nilikuwa katikati pale, pumzi zinaniishia," alinong'ona. "Nilisubiri tu mtu aseme."

Abeli aliondoka taratibu na abiria wake mmoja. Ruthu na Sikuzani wakaushuka mteremko kwa miguu, wakiimba na kudokoa zabibu za bibi.