Shavu la Mzee Gedion

Kesi yote ilikuwa juu ya shavu. Mzee Gedion alikufa akiwa na kovu refu, kutoka chini ya jicho la kushoto hadi kidevuni, na boma lake la Kiirua halikuwahi kukubaliana lilitoka wapi. Mbaka, mwana wa mke mkubwa, alisema Ngari ndiye aliyemkata baba kwa panga wakigombania shamba. Ngari, mwana wa mke mdogo, alisema mzee aliangukia seng'enge. Mama yake, Ruguru, aliapa hivyo hivyo mbele ya kanisa zima, na kwa kuwa ni mama wa maombi, watu wakamwamini.

Sasa walikuwa wamemwita Muthamia kutoka Mitunguu amtengeneze mzee kwa simiti, asimame juu ya kaburi lake. Muthamia alikuwa fundi hodari na mwenye hasira za karibu. Mifupa ya sanamu aliisuka kwa nondo, akaivisha wavu wa kufungia kuku, akaupiga lipu mwili mzima. Uso aliuacha wa mwisho, maana uso unataka mchanga uliochekechwa na mkono usio na haraka, na ukishaupaka ni lazima uuchonge ungali mbichi. Asubuhi hiyo alikuwa ameupaka. Pua ilikuwa imetoka vizuri mno, hata yeye mwenyewe alirudi nyuma kuitazama.

"Fundi, weka alama," Mbaka akasema. "Baba alikuwa nayo."

"Weka hiyo kitu uone," Ngari akajibu. "Nitakuvunja hizo vidole zote."

"Mtapigana nikimaliza," Muthamia akafoka. "Upepo wenu huu unanikaushia kazi!"

Akainua kisu chake cha kuchongea kuelekea uso wa sanamu. Kusema kweli, alikuwa anaenda kwenye masharubu. Lakini Ngari hakungoja kuona. Alimrukia, akaubana mkono wake juu ya ukingo wa kaburi, akaokota jiwe la msingi na kuupiga. Vidole viwili vilivunjika, na mlio wake ukasikika hadi jikoni walikokuwa wanawake.

Muthamia alipiga yowe, kisha akamchapa Ngari mdomoni kwa mwiko wa chuma uliokuwa katika mkono wake mzima. Jino likaruka. Hapo boma likawaka moto. Ndugu za Mbaka walitoka na fimbo, ndugu za Ngari wakatoka na majembe, karai ya simiti ikapinduliwa, na mtu akasukumwa kichwa kikagonga ukuta wa tangi. Watu waliokuwa wameimba pamoja kwenye mazishi ya mzee sasa walikuwa wanang'atana masikio. Aibu tupu, na jua bado la asubuhi.

Katikati ya vurugu, Mbaka aliokota kile kisu akapanda juu ya kaburi.

"Nitaiweka mimi mwenyewe!"

Ngari alimwona. Damu ikimtiririka kidevuni, alichomoa panga lililokuwa limechomekwa kwenye ua, akapanda nyuma yake na kulishusha kwa nguvu zake zote. Mbaka aliinama. Panga lilimpita juu ya mgongo na kuzama kwenye shavu la kushoto la sanamu, hadi likagonga wavu.

"Ngari!" Ruguru akalia kutoka mlango wa jikoni. "Usimkate baba yako tena!"

Fimbo zilibaki hewani. Ruguru aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikwisha kutoka, na kila mtu alikuwa amelisikia. Mke mkubwa aliketi chini kwenye nyasi, akaanza kulia polepole, kilio ambacho alikuwa amekibana tangu siku mzee alipoletwa nyumbani akiwa ameshikilia uso wake kwa shati.

Ngari alilichomoa panga. Mkato ulikuwa mrefu, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Aliutazama, kisha akamgeukia Muthamia.

"Ziba, fundi," akasema. "Nakuomba. Ziba tu."

Muthamia alimkaribia mzee wa simiti, vidole vyake viwili vikining'inia, uchungu ukimpanda hadi kwapani. Kwa gumba la mkono mzima alibonyeza kando ya ule mkato. Gumba likazama bila taabu, simiti ingali mbichi.

"Imeshashika," akasema. "Haizibiki tena."