Mpaka Injini Ipoe

Simu ya mama ilikuwa fupi: baba anapasuliwa moyo saa tisa, na kabla ya hapo anataka kuwaona wanawe. Binti yake, aliyekuwa akisambaza vifurushi kwa pikipiki, alimpitia mdogo wake kwenye kibanda chake cha unyozi. Wakaondoka taulo la mteja likiwa bado begani mwa kinyozi.

Jua lilikuwa la utosi. Kwenye foleni magari hayakusogea, na pikipiki ile ilitegemea upepo wa mwendo kujipoza. Dada akahisi joto likimchoma mapajani. Gia zikawa ngumu, injini ikaanza kugonga mlio mkavu. Alijua oili imeshakuwa nyepesi kama maji. Akakata kona kuingia barabara ya viwandani, ndefu lakini wazi, lakini injini iliendelea kugonga. Akaegesha kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, akazima.

"Unasimama?" kinyozi akauliza. "Dada, muda unakwenda."

"Nikiilazimisha, tutaisukuma mpaka hospitali."

Kinyozi akafungua chupa yake ya maji. Dada akamdaka mkono.

"Ukiimwagia sasa hivi, chuma kitapasuka. Hebu kaa."

Hakukaa. Alizunguka pikipiki kama kuku anayetafuta pa kutagia, akampigia mama, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Dada akangoja, kisha akafungua kifuniko cha oili, akafuta kijiti cha kupimia, akakichovya. Oili ilikuwa chini ya alama. Akatoa chupa ya oili aliyoiweka chini ya vifurushi, akaongeza kidogo kidogo, akapima, akaongeza tena. Halafu akakaza kioo cha pembeni. Akafunga upya kamba za mzigo. Akachuchumaa kuukagua mnyororo.

Kinyozi akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha pale pale.

"Imepoa," akasema. "Imepoa kitambo."

Dada aliendelea kuutazama mnyororo.

"Unaogopa kwenda, sivyo?"

"Nilimwambia baba asinipigie simu tena maishani mwake," akasema dada. "Akatii. Mtu ambaye hajawahi kumtii mtu yeyote. Sasa naingia na uso gani?"

"Huo huo wenye masizi. Panda, dada, tafadhali."

Akapanda. Safari hii hakuvuta mafuta kwa pupa. Alipandisha gia mapema, akaiacha injini ipumue, ingawa mdogo wake alikuwa akimfinya mabega kila walipopunguza mwendo.

Walimkuta baba amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, mama kashika miguu yake. Muuguzi aliwaambia wana dakika moja.

Baba akamtazama binti yake. "Nilidhani nimepigwa marufuku."

"Nimeiondoa."

"Lini?"

"Njiani, baba. Sasa hivi."

Baba akaushika mkono wa binti yake uliojaa oili, na ilibidi muuguzi amlegeze vidole kimoja kimoja ndipo kitanda kikaingia ndani.

Dada hakuweza kukaa. Alitembea ukumbini huku na huku mpaka jioni, daktari alipotoka barakoa ikining'inia kidevuni, akasema moyo unadunda vizuri. Mama akaanza kulia. Dada akaomba aonyeshwe anapoweza kunawa ile oili mikononi.