Kitambaa cha Puto la Vita

Cécile alikuwa ameshafunga masanduku yote, ila mwenye masanduku ndiye aliyegoma kuondoka. Nje, katika mtaa ule mwembamba wa Schaerbeek, huku Ulaya, Sylvestre alikuwa anampigia honi mama yake mzazi kama anayewahi abiria. Leo mama huyo, Marie-Jeanne, bibi wa Kizungu wa miaka tisini, alikuwa anahamia nyumba ya wazee, na kazi ya Cécile ya kumtunza ilikuwa inaishia hapo mlangoni.

"Siende," Marie-Jeanne alisema, amekumbatia kitambaa kikuukuu cha rangi ya fedha. "Sijamushukuru ule mama."

Kiswahili chake alikitoa Bukavu, alikofundisha shule ujanani. Ndiko alikozaliwa Cécile pia, na kwa hiyo wawili hawa walielewana tangu siku ya kwanza, hata katika kugombana.

Habari za huyo mama Cécile alizijua kwa moyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marie-Jeanne alikuwa mtoto mkimbizi London. Karibu na kwao palikuwa na kikosi cha wanawake waliolinda mtaa kwa puto kubwa la gesi, limefungwa kwenye lori kwa waya mrefu wa chuma. Ndege za adui ziliogopa kukatwa mbawa na waya huo, zikapita juu kabisa, ambako kulenga nyumba za watu ni shida. Siku moja upepo ulitaka kulinyakua puto. Wanawake wakang'ang'ania kamba mpaka viganja vikatoka damu. Mvua ilipoanza, mmoja wao alimwona mtoto anatetemeka pembeni, akamfunika kwa kipande hicho cha kitambaa cha fedha walichotilia puto viraka, kisha akarudi kwenye kamba. Haukupita muda kikosi kikahamishwa. Marie-Jeanne hakujua hata jina la yule mama.

Cécile hakuwahi kuichoka hadithi hiyo. Yeye mwenyewe alikulia kambi ya wakimbizi, chini ya hema la plastiki, na hakumjua aliyelifunga.

"Bon, maman," alisema. "Ule mama alishakufa. Acha basi mimi nikushukuru wewe, alafu tuende."

Akatandika vitenge vyake sakafuni, kimoja baada ya kingine hadi mlangoni, kama wanawake wa kwao wanavyomtandikia mtu wanayemheshimu apite juu yavyo. Vilikuwa vitenge vya sikukuu, vya maduka ya Chaussée de Wavre, ambavyo hata kanisani alivikalia kwa uangalifu. Machozi yalimlenga. Bibi huyu alimnyooshea Kifaransa mpaka kikanyooka, na yeye mtunzaji alipougua, aliyempikia supu alikuwa mtunzwa.

Marie-Jeanne alivitazama vitenge. Kisha akainama kwa taabu, akatandaza kile cha fedha mbele ya miguu ya Cécile.

"Pita wewe wa kwanza."

"Hapana, maman! Hii nitaikanyaga namna gani? Ni ya ule mama."

"Donc, na kisha? Yeye alinifunika, akarudia kazi yake. Wewe unanifunika kila siku, unarudia kazi yako. Nitamushukuru wapi tena? Pita, mutoto yangu."

Honi ikalia tena, hakuna aliyeijali. Cécile akavua viatu. Kitambaa kilikuwa kigumu na baridi. Alikikanyaga polepole, akilia bila aibu, kisha akageuka kumpa bibi mkono. Marie-Jeanne naye akapita juu ya vitenge vyote, taratibu, hadi nje.

Ndani ya gari Cécile alimfunika magoti kwa kile kitambaa. Marie-Jeanne akakitoa, akamrudishia mikononi.

"Baki nayo," alisema. "Mimi nilishamushukuru."